Waliponinyima Nafasi ya Doctorat, Nilipumua

*Mama Joséphine-Marie, aliyekuwa mkurugenzi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, hujibu barua za wasikilizaji kila Jumamosi asubuhi katika redio ya jamii ya Kirotshe. Jibu la kwanza hapa chini lilipelekwa kwa mwandishi wa barua mwenyewe, mwezi wa nane. Barua zote zilisomwa redioni baadaye, kwa ruhusa. Majina ya watu yamebadilishwa, na la kilima pia, pamoja na alama nyingine za kumtambulisha mtu.*

Barua

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako na naomba pia usinicheke, kwa sababu kinachonisumbua si msiba wala ugonjwa, ni furaha, nilifurahi siku ambayo kila mtu nyumbani alikuwa ananihurumia, na mpaka leo hakuna ninayeweza kumwambia isipokuwa wewe ambaye hunijui.

Naitwa Nadine, nina miaka ishirini na tisa, nimezaliwa Mushaki katika familia ya wafugaji, mama yangu anauza maziwa na fromage, jibini yetu, kando ya barabara, baba alishafariki, na mimi nafundisha historia na elimu ya uraia katika institut moja, shule ya sekondari, huko Walikale, ila sasa niko nyumbani kwa likizo kubwa. Miaka mitatu iliyopita nilimaliza master ya uhusiano wa kimataifa kule Goma. Mémoire yangu, yaani kile kitabu tunachoandika mwishoni na kukitetea mbele ya jury, ilihusu makubaliano ya amani, jinsi wakubwa wa nchi wanavyokutana katika hoteli za mbali na kusaini karatasi, halafu nikauliza, hiyo karatasi ikifika kwetu Masisi inakuta nini, na nikaonyesha kwamba inakuta watu wamekwisha kupatana wenyewe kwa wenyewe zamani, mkulima na mfugaji, juu ya njia ya kupitisha ng'ombe, juu ya maji, juu ya nani atamwonya nani hatari ikikaribia, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kuwauliza. Jury walipenda. Walinipa distinction, na profesa mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba hapo pana doctorat nzima, shahada ya juu kabisa, inayongoja.

Sasa Mama, mémoire yote imesimama juu ya ukurasa mmoja, na huo ukurasa ndio unaoninyima raha.

Kuna mzee mmoja wa Muheto, Papa Byamungu, analima maharagwe na mihogo, si mtu wa kabila langu, lakini familia zetu zimejuana tangu wakati wa babu. Baada ya mavuno ng'ombe wetu walikuwa wanapita katika mashamba yake wakimwachia samadi, na mama alikuwa anampelekea maziwa. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, mwaka ule wa vita, watu wenye silaha walipanga kupanda kwetu, na habari ikatufikia saa chache kabla, tukatoka na watoto na ndama wawili na sufuria moja, nyumba ikachomwa lakini hatukupoteza mtu. Baba alituambia tu kwamba habari imetoka Muheto. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa master, nilienda kwa Papa Byamungu na daftari na telefone ya kurekodi, nikamuuliza ni nani alituma habari siku ile, akasema, "Ni mimi." Halafu akaongeza, "Lakini jina yangu isitoke. Hapa kilimani kuna batu bado wanatafuta nani aliwaambia." Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Na Mama, jina sikuliandika. Niliandika "B., mkulima wa Muheto, miaka 61, baba wa watoto tisa, mzee wa kanisa." Promoteur wangu, yule profesa aliyekuwa ananiongoza, alisema habari kama hizo zinampa shahidi uzito, na mimi nilikuwa na haraka, tarehe ya kutetea ilikuwa imekaribia, nikaziacha. Mtu yeyote wa Muheto akisoma mstari ule anajua ni nani kabla hajafika kwenye nukta. Nililiona hilo wiki moja baada ya kutetea, nikiwa nimeketi kanisani. Tangu siku hiyo sijakanyaga Muheto. Miaka mitatu. Siku ya soko hapa Mushaki nikiona koti lake la kijani nazunguka kwa upande wa wauza viazi.

Nilijifariji kwamba mémoire iko kwenye rafu ya maktaba, nani atasoma. Halafu nikaomba doctorat. Usiniulize kwa nini niliomba, niliomba kwa sababu ni kitu nimekitaka tangu nilipojua kwamba kipo, na kwa sababu kila mtu alikuwa ananisukuma. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Ubelgiji, Madame Astrid, alisoma muhtasari wangu, akaniandikia kwa upole sana, akasema ule ushuhuda wa yule mzee uwe sura ya kwanza ya thèse, kitabu cha doctorat, na kabla ya hapo tuutoe kama makala, na makala zao zote zinawekwa kwenye internet, mtu popote alipo anasoma kwa telefone. Nilimjibu kwamba nakubali. Kila siku niliyongoja jibu la mwisho nilikuwa naomba Mungu anipe, na chini ya ombi hilo kulikuwa na ombi jingine dogo, kwamba asinipe.

Mwezi wa sita jibu likaja. Huko Walikale mtandao unashika vizuri juu ya ngazi ya nyuma ya shule, basi nilisomea hapo nimesimama: nafasi na bourse ya kulipia masomo ni moja, waombaji ni wengi, umekuwa wa pili, tunasikitika. Mama, nilipumua. Nilikaa kwenye ngazi nikapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Nilienda kula, nikamaliza sahani mbili za ugali na sombe, wenzangu walimu wakadhani nimepata habari njema.

Nyumbani ikawa matanga. Niliporudi kwa likizo nikakuta wanawake wa kikundi cha sala cha mama wameshapanga kila Jumatano waje kuniombea. Wananishika kichwa. "Mutoto wetu, usikate moyo." Na mimi nanyoosha uso uwe wa huzuni, na kwa kweli nina huzuni, ila siyo ile wanayoiombea.

Halafu, na hapa ndipo naomba msaada kabisa, wiki mbili zilizopita Madame Astrid aliniandikia tena. Yule wa kwanza amepata nafasi kwingine. Nafasi ni yangu nikiitaka. Nijibu kabla ya tarehe thelathini na moja ya mwezi huu wa nane. Sijamjibu na sijamwambia mtu. Mama yangu bado anafunga Jumatano. Juzi ameniambia huku anachuja maziwa, "Nadine, Mungu hajalala. Ule mulango atafungua." Nikaitika amina, na mlango ulikuwa umefunguliwa tayari ndani ya telefone, katika mfuko wa sketi yangu.

Je, nikatae kimya kimya? Nani atajua? Ni dhambi kufurahi ulipokataliwa? Ao mimi ni mvivu tu, muoga wa baridi na wa vitabu vikubwa, mtu wa kuishia master? Niambie ukweli, nitaupokea.

Wako,
Nadine

Jibu la Mama Joséphine-Marie

Nadine mwanangu,

Wavivu hawaandiki kurasa sita kwa mkono, mbele na nyuma, kuuliza kama ni wavivu. Hilo tuliondoe.

Nina neno la kukugombeza, na nitaanza nalo kwa sababu bado nina hasira. Barua yako ilifika hapa redioni na jina la kweli la huyo mzee, kilima chake cha kweli, kanisa lake na idadi ya watoto wake. Umeileta kwenye redio, Nadine. Bahasha ilipita mikono ya mlinzi, ya fundi wa mitambo na ya mtangazaji kabla ya kunifikia mimi. Bahati nzuri ilikuwa imefungwa. Nilichukua kalamu nikafuta nikiwa nimesimama. Umenililia kurasa sita kwa sababu ulimwanika mtu, na katika kulia huko umemwanika tena. Huna moyo mbaya. Unaandika haraka, ukimpenda mtu unataka kumtaja na kila kitu chake, na hujajifunza kusoma upya ulichoandika kwa macho ya jirani yake. Hicho ndicho kitu cha kurekebisha, na kinarekebishika.

Sasa furaha yako. Si dhambi. Mwili ulikuwa unakwambia jambo na wewe ukaelewa vibaya. Umeitaja Ubelgiji mara moja tu, baridi mara moja, vitabu vikubwa mara moja, mwishoni, kama mtu anayetafuta kisingizio. Huyo mzee yuko katika karibu kila ukurasa. Ulipokaa kwenye ngazi za shule ukapumua, ulikuwa unapumua kwa sababu ukurasa ule hautaenda kwenye internet. Ndiyo hivyo tu. Masomo hayakuwemo. Ungekuwa umechoka na masomo usingeniandikia nusu ukurasa mzuri namna ile juu ya karatasi za amani na njia za ng'ombe. Nilisoma mara mbili, na mimi mambo ya uhusiano wa kimataifa sijui hata mlango wake.

Kwa kuwa sijui, nilimpigia mtu anayejua. Thierry alikuwa mwanafunzi wangu darasa la tano, leo anafundisha chuo kikuu na ana hiyo doctorat. Sikumtajia jina. Alicheka kidogo, akaniambia, "Mama Directrice, hakuna mtu anamaliza na projet aliyoanza nayo. Mwaka wa kwanza wote wanabadilisha." Akasema profesa mwenye akili anapenda kusikia shida leo kuliko kuisikia mwaka wa tatu. Akasema pia kwamba huko wana sharti: mtu aliyekupa maneno yake ana haki ya kuyachukua tena, na mtafiti anatakiwa kumuuliza upya kabla ya kuyatumia mahali pengine. Kwa hiyo usinieleze kwamba umebanwa. Umejibana mwenyewe, ukaogopa kumuuliza mtu mmoja swali moja.

Fanya hivi, na kwa mpangilio huu.

Kwanza panda pikipiki uende kwa huyo mzee. Usipige telefone, usitume mtu. Chukua mémoire yako. Peleka maziwa kama ilivyokuwa desturi ya nyumba zenu, na usizidishe, asije akadhani unamnunua. Msomee ukurasa huo kwa Kiswahili, wote, pamoja na ule mstari wa miaka na watoto na kanisa. Usianze na machozi wala maelezo. Ukimaliza kusoma, nyamaza umwache aseme. Atakachotaka kifutwe, kifutwe.

Ukitoka hapo nenda Goma kwa secrétaire wa kitivo, uombe kwa maandishi mémoire iondolewe mahali ambapo kila mtu anaichukua.

Kisha mwambie mama yako. Umemwacha mwanamke mzima afunge juu ya jambo lililokwisha. Hapo sina huruma na wewe hata kidogo. Atakasirika, na ana haki.

Mwisho umwandikie Madame Astrid ukweli: ushuhuda ule ulitumika vibaya, hautakuwemo, hili ndilo ninaloweza kufanya badala yake. Akisema bila huo ukurasa hakutaki, basi alikuwa anautaka ukurasa. Utakuwa umejua mapema.

Na kama umefanya yote hayo, moyo umetulia, na bado ukifikiria kukataliwa unafurahi, kataa kwa amani na urudi Walikale ukafundishe. Mimi nilifundisha maisha yangu yote na sikuwahi kuona aibu. Ila usikatae ukiwa umejificha nyuma ya wauza viazi.

Una siku kumi na mbili. Anza kesho.

Barua ya pili ya Nadine

Mama Joséphine-Marie,

Nilienda. Mvua ilinishika njiani, nikafika Muheto nimelowa, nikawakuta Papa Byamungu na mke wake Mama Adelaïde barazani wanachagua maharagwe ya mbegu kwenye ungo mkubwa. Papa Byamungu aliniangalia kwa muda, akasema, "Ulikawia kuya."

Nilitoa mémoire kwenye plastiki, nikaanza kusoma kama ulivyoniagiza, bila maelezo. Nilipofika kwenye ule mstari wa watoto tisa akainua mkono.

"Wacha. Minaijua. Mutoto ya dada yangu anasoma Goma, alinisomea yote ku telefone. Iko miaka mbili sasa."

Mama, nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti katika maganda ya maharagwe. Nilisema yote, ahadi, haraka, soko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Simama, unalowesha mbegu. Mimi pia niko na yangu."

Lakini kwanza aliweka chini maharagwe aliyoshika. Alimwangalia mke wake. Mama Adelaïde aliendelea kuchagua maharagwe, hakuinua kichwa, akasema tu, "Muambie."

"Si mimi niliwaambia," akasema Papa Byamungu. "Siku ile nilisema tunyamaze. Nilisema tuko na watoto, hii mambo si yetu. Njo huyu aliweka mihogo ndani ya kikapo, akabeba kama muntu wa kuenda sokoni, akapanda mpaka kwenu. Mimi nilibaki hapa, nilifunga mulango." Alikunja kofia yake. "Halafu wewe ulikuya na ile mashine, ukauliza nani. Nilisema mimi. Neno ilitoka tu. Na huyu alikuwa amesimama pale na chai yako. Halafu uliandika. Halafu wakakupa distinction."

Nikamuuliza kwa nini hakuniita kurekebisha.

"Niliona haya," akasema. "Nilisikia sokoni kama unaenda kuandika tena, Bulaya, batu wote wasome. Nikawaza, sasa uongo yangu itapanda ndege. Nilipopata habari kama wamekukatalia nilisema asante Mungu."

Nikamwambia, "Hata mimi, Papa. Nilisema hivyo hivyo."

Tukaangaliana. Mama Adelaïde ndiye aliyeanza kucheka, alicheka mpaka akaweka ungo chini, na sisi wawili tukamfuata, na sikumbuki ni lini nilicheka namna ile.

Baadaye nikakumbuka ile siku ya kurekodi. Mama Adelaïde aliniletea chai, nikamwambia aksanti, akarudi ndani. Saa tatu nzima nilikaa katika nyumba yake nikitafuta mtu aliyetuokoa, na sikumuuliza hata swali moja. Nilimwambia hivyo. Nikamwomba msamaha peke yake, jikoni, mbali na mume wake. Nikamuuliza kama nisiandike kabisa. Alifikiria huku anageuza moto.

"Andika," akasema. "Bila jina, bila kilima, bila watoto yangu. Na mbele ya kutuma huko, unakuya kunisomea. Neno ikiwa mubaya unafuta, mimi naangalia."

"Na nikiwa Ulaya, Mama?"

"Utapiga telefone. Niko na masikio."

Akanishika mkono nilipokuwa nafunga mfuko. "Na uandike kama niliogopa. Huyu bwana yangu anafikiri sikuogopa. Niliogopa mpaka kikapo ilikuwa inatetemeka. Wengine pia walikuwa wanapeleka habari, mama wa huku na mama wa kule. Hakuna aliyewauliza. Nitakuonyesha nani."

Goma secrétaire alinipokea vizuri. Mémoire imeingizwa kabatini, mtu akiitaka ni lazima aandike na mimi nijulishwe.

Mama yangu nilimwambia akiwa anachuja maziwa. Akauliza, "Tangu siku gani?" Nikasema wiki tatu na siku mbili. Aliendelea kuchuja. Akasema, "Basi tulikuwa tunamusumbua Mungu na kazi aliyomaliza." Hakuniongelesha siku mbili, chakula aliniwekea bila neno. Siku ya tatu akanikuta naosha ndoo, akakaa karibu yangu, akauliza kinachofuata ni nini. Nikamwambia visa. Jumatano iliyopita wanawake wote wa kikundi waliomba visa, na mmoja akauliza katikati ya sala kama hiyo visa ni mutu ao ni karatasi.

Madame Astrid alijibu baada ya siku moja, mistari mitano. Alisema alikuwa anaona kuna kitu kinanizuia katika barua zangu na hakujua aulize vipi. Alisema swali jipya, wanawake waliokuwa wanabeba habari kati ya vilima wakati wakubwa wanajadiliana mbali, ni gumu zaidi na bora zaidi kuliko la kwanza, na kwamba mwaka wa kwanza wote nitautumia kulitafutia njia. Nilikubali tarehe ishirini na nane.

Sasa hivi nikifikiria kukataliwa sifurahi tena, Mama. Niliijaribu hiyo fikra kama ulivyosema, asubuhi moja, nikasikia hasira. Nikajua basi nataka kwenda.

Barua hii nimeipeleka Muheto kwanza, nikaisoma yote mbele ya Mama Adelaïde, na mbele ya mume wake. Papa Byamungu alisema ibaki ilivyo, amechoka kulibeba lile neno, ila tubadilishe majina. Mama Adelaïde alifuta sentensi moja, ile aliyomwambia baba yangu alipofika mlangoni petu na mihogo mgongoni. Alisema hiyo ni ya marehemu na yake.

Nadine

Neno la mwisho la Mama Joséphine-Marie

Nadine, safari hii hukuniachia cha kufuta. Nilipekua kwa miwani, mara mbili.

Wanafunzi mnaonisikiliza, mlio na daftari na mashine za kurekodi, mkiingia katika nyumba ya mtu mwulizeni na yule aliyeleta chai.

Mama wa Jumatano, visa ni karatasi.

Na wewe, Nadine, kabla hujaenda kuomba hiyo karatasi, fungua passport yako leo uangalie tarehe ya kuisha. Picha mbili, attestation ya kukubaliwa, barua ya bourse, nakala tatu za kila kitu, na moja ibaki kwa mama yako. Usingoje Septemba iishe.